LANGO LA SMITHFIELD: JENGO LA MAWE NA MITI KAMA SHAHIDI WA HISTORIA YA KANISA

Utangulizi

Katika vyuo vyetu historia ya Kanisa hufundishwa zaidi kwa kutumia maandishi: maungamo ya imani, barua, maamuzi ya mitaguso na mahubiri ya wanamatengenezo. Njia hiyo ni ya lazima, wala makala hii haikusudii kuipuuza. Hata hivyo, majengo nayo ni nyaraka. Jiwe likiwekwa juu ya jiwe, na boriti ikiwekwa juu ya jiwe, mchunguzi mwangalifu hutambua ni lipi lililotangulia na ni lipi lililofuata. Mara nyingine utambuzi huo husahihisha mambo ambayo watu wameyasimulia kwa vizazi vingi bila kuyapima.

Jengo ninalotaka tulitazame ni dogo. Ni lango lililoko Smithfield, mjini London, ambalo hupitiwa na waendao katika Kanisa la Mtakatifu Bartholomayo. Kanisa hilo huitwa "Kubwa" ili litofautishwe na kanisa dogo la jina hilo hilo lililomo katika eneo la hospitali jirani. Lango lenyewe limebanwa katikati ya majengo mengine ya mtaa, na mtu mwenye haraka aweza kulipita bila kugeuza shingo. Lakini mbele yake ndipo walipochomwa moto watu wawili waliokaa Wittenberg na kula matunda ya mafundisho ya Luther, yaani Dkt. Robert Barnes na Mchungaji John Rogers. Kwa sababu hiyo lango hili linatuhusu sisi Walutheri kuliko tunavyodhani. Na kama tutakavyoona, linatuhusu pia kwa namna ambayo haitupendezi.

1. Tao la mawe

Tuanzie chini, kama fundi anavyoanza. Sehemu ya chini ya lango ni tao la mawe la karne ya 13. Limejengwa kwa mtindo wa wakati ule: matao kadhaa yamepangwa moja ndani ya jingine, kila moja likiingia ndani kidogo kuliko lililo mbele yake, na kati yake kuna safu za mapambo madogo yaliyochongwa. Mtu aliyezoea kutazama majengo hujiuliza mara moja kwa nini lango la uani lijengwe kwa ufundi mwingi namna hiyo. Jibu ni kwamba tao hili halikujengwa liwe lango la uani. Lilikuwa mlango wa kanisa, upande wa magharibi, ulioelekea kwenye ubavu wa kusini wa sehemu walimokaa waumini.

Kanisa hilo lilikuwa la nyumba ya watawa wa kanuni ya Mtakatifu Augustino. Lilianzishwa mwaka 1123 na mtu aitwaye Rahere, aliyekuwa katika baraza la mfalme Henry wa Kwanza. Masimulizi ya karne ya 12 yanaeleza kwamba Rahere aliugua homa kali alipokwenda kuhiji Roma, akaweka nadhiri kwamba akipona atajenga hospitali kwa ajili ya maskini. Katika njozi alitokewa na mtume Bartholomayo, akaonyeshwa mahali pa kujenga, nje kidogo ya ukuta wa mji. Basi nyumba ya watawa na hospitali zikaanzishwa pamoja. Hospitali ingalipo mpaka leo, na Rahere mwenyewe amezikwa ndani ya kanisa.

Anayepita chini ya tao hili leo hategemei kutokea mahali pa wazi, lakini ndivyo ilivyo. Badala ya kuingia kanisani, anajikuta katika makaburi. Mbele yake kuna njia nyembamba, na mwisho wa njia hiyo ndipo ulipo mlango wa kanisa la sasa, pamoja na mnara wa matofali uliojengwa mwaka 1628. Umbali kati ya lango na mlango ni kipimo cha kile kilichopotea. Hapo ndipo ilipokuwa sehemu ya waumini yote, pamoja na nguzo zake, paa lake na sakafu yake. Kilichobaki cha jengo la kale ni hasa sehemu ya mashariki, yaani kwaya ya watawa, yenye nguzo nene za mviringo na matao mazito ya karne ya 12.

2. Kuvunjwa kwa nyumba ya watawa

Sababu ya uwazi huo inajulikana. Mfalme Henry wa Nane, baada ya kuachana na Papa, alizivunja nyumba za watawa katika Uingereza na kujitwalia mali zake. Watawa wa Mtakatifu Bartholomayo walikabidhi nyumba yao mwezi Oktoba mwaka 1539. Sehemu ya waumini ikabomolewa, na kiwanja chake kikafanywa makaburi. Kwaya iliachwa kwa matumizi ya parokia. Mlango wa magharibi ulisalia peke yake, ukielekea barabarani kama mtu ambaye jamaa zake wote wamehama.

Mwaka 1544 mali hiyo iliuzwa kwa Sir Richard Rich, kwa bei iliyozidi kidogo pauni 1,000. Inafaa mwanafunzi wa historia ya Kanisa alifahamu jina hili. Rich ndiye aliyetoa ushahidi dhidi ya Thomas More, Mkatoliki, katika kesi iliyomfikisha More kwenye kifo mwaka 1535. Na Rich huyo huyo, kwa mujibu wa maelezo ya Anne Askew mwenyewe, alishiriki kwa mikono yake kumtesa mwanamke huyo Mprotestanti katika ngome ya London mwaka 1546. Alipata faida chini ya mfalme aliyejitenga na Papa, na alizidi kupata heshima chini ya watawala waliofuata. Watu wa namna hii wako katika kila kizazi. Mageuzi ya imani yanapopita, wao huhesabu viwanja.

Hapa sharti tuseme wazi jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita upesi. Matengenezo ya Kanisa yalilirudisha Neno la Mungu katika lugha ya watu, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Lakini katika Uingereza yaliambatana na unyang'anyi mkubwa. Nyumba zilizohudumia wagonjwa na wasafiri zilivunjwa, na mapato yake yakaingia mifukoni mwa watumishi wa mfalme. Hospitali ya Rahere ilinusurika kwa sababu raia wa London waliiombea, naye mfalme akairudishia msingi wake kabla ya kufa mwaka 1547. Njia ile ya makaburini, kutoka tao hadi mlango, inatukumbusha pande zote mbili za tendo hilo.

3. Nyumba ya miti juu ya tao

Sasa tuinue macho. Juu ya tao la mawe imesimama nyumba nyembamba ya miti, iliyojengwa mwaka 1595 na Philip Scudamore. Wakati huo Malkia Elizabeth wa Kwanza alikuwa akitawala, na Kanisa la Uingereza lilikuwa la Kiprotestanti. Nyumba hii ni ya kiunzi cha mbao: nguzo, mihimili na mbao za mshazari zimeunganishwa kwa ndimi na matundu, na nafasi zilizo katikati zimezibwa na kupigwa lipu. Msomaji wa kwetu hatashindwa kuielewa, kwa maana kanuni yake ni ile ya nyumba zetu za miti na udongo: kiunzi ndicho kinachobeba uzito, na udongo unaziba tu. Orofa ya juu imetokeza kidogo mbele ya ile iliyo chini yake, kama ilivyokuwa desturi katika mitaa finyu ya siku zile, ambako mwenye nyumba aliongeza nafasi hewani pale aliponyimwa nafasi ardhini.

Tao na nyumba havikuwahi kukusudiwa kukaa pamoja. Aliyelichonga tao alikuwa anajenga mlango wa ibada. Aliyeijenga nyumba alikuwa anatafuta makazi katika mtaa wa biashara. Lakini tangu siku ile kila kimoja kimekihifadhi kingine. Nyumba imepata msingi imara bila gharama. Nalo tao, ambalo lingeweza kung'olewa na mawe yake kuuzwa kama yalivyouzwa mengine mengi, likawa na kazi ya kufanya, kwa hiyo likaachwa mahali pake. Moto mkubwa wa mwaka 1666 ulioteketeza sehemu kubwa ya London haukufika hapa.

Katika karne ya 18 watu walianza kuziona nyumba za mbao kuwa za kishamba. Uso wa nyumba hii ukafunikwa kwa mtindo wa siku hizo, ili ifanane na majirani. Kwa muda mrefu wapita njia hawakuona boriti hata moja. Kanisa nalo lilikuwa katika hali mbaya. Mkono mmoja wa jengo ulikuwa karakana ya mhunzi, sehemu ya ua wa watawa ilikuwa zizi la farasi, na katika kanisa dogo la Bikira Maria kulikuwa na kiwanda cha uchapishaji, ambamo Benjamin Franklin wa Marekani alifanya kazi mwaka 1725 akiwa kijana. Sehemu hizo zilirudishwa kwa kanisa moja baada ya nyingine katika nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na aliyesimamia sehemu kubwa ya ukarabati huo ni msanifu Aston Webb.

Lango lilirudishiwa sura yake kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Usiku wa tarehe 8 Septemba 1915, katika vita ile ile iliyoleta mapigano hata katika nchi yetu, chombo cha anga cha Kijerumani cha aina ya Zeppelin kilidondosha mabomu katika mtaa wa Bartholomew Close, nyuma ya kanisa. Watu waliuawa, na majengo ya jirani yaliharibika. Mtikisiko ulilegeza kifuniko cha nyumba ya lango, na chini yake zikaonekana boriti za mwaka 1595. Baada ya hapo nyumba ilitengenezwa na kiunzi chake kikaachwa wazi kama kinavyoonekana sasa, na sanamu ya mtume Bartholomayo ikawekwa juu ya tao.

4. Uwanja ulio mbele ya lango

Tumelitazama jengo. Sasa tugeuke tutazame kile ambacho lango hilo limekikabili kwa karne nyingi. Smithfield ulikuwa uwanja wa wazi nje ya ukuta wa mji. Hapo waliuzwa ng'ombe, kondoo na farasi. Kila mwaka, wakati wa sikukuu ya mtume Bartholomayo mwezi Agosti, paliendeshwa soko kubwa la nguo lililopewa hati ya mfalme mwaka 1133 na kudumu mpaka mwaka 1855. Na kwa sababu palikuwa na nafasi ya umati mkubwa, hapo pia watu waliuawa hadharani.

Mwaka 1401 kasisi William Sawtre, mfuasi wa mafundisho ya John Wycliffe, alichomwa moto Smithfield. Tarehe 22 Mei 1538 alichomwa John Forest, mtawa Mfransisko, kwa kuukataa ukuu wa mfalme juu ya Kanisa. Aliyehubiri mbele yake siku hiyo ni Hugh Latimer, mmoja wa wanamatengenezo mashuhuri wa Uingereza. Ndugu wasomaji, tuliangalie jambo hili bila kugeuza uso. Latimer tunamkumbuka kama shahidi wa imani, kwa kuwa yeye mwenyewe alichomwa moto Oxford tarehe 16 Oktoba 1555. Lakini miaka 17 kabla ya hapo alisimama katika mimbari huku mwenzake akining'inizwa kwa minyororo juu ya moto.

Tarehe 30 Julai 1540 ilikuwa zamu ya Dkt. Robert Barnes. Barnes aliwahi kuwa mkuu wa nyumba ya watawa wa Augustino huko Cambridge. Akakimbilia Wittenberg, akakaa karibu na Luther na Bugenhagen, na baadaye akatumwa na mfalme Henry kwa wakuu wa Kijerumani waliofuata Ungamo la Augsburg. Siasa ilipogeuka alihukumiwa bila kusikilizwa. Alichomwa pamoja na wenzake wawili, Thomas Garret na William Jerome. Siku hiyo hiyo na mahali hapo hapo waliuawa pia makasisi watatu waliomtii Papa: Thomas Abel, Richard Fetherston na Edward Powell. Inaelezwa kwamba walikokotwa wawili wawili juu ya machela, Mprotestanti mmoja na Mkatoliki mmoja. Luther alisikitika sana, akachapisha ungamo la mwisho la Barnes kwa Kijerumani pamoja na dibaji yake mwenyewe.

Miaka sita baadaye, tarehe 16 Julai 1546, Anne Askew aliletwa kwa kiti kwa sababu mateso yalikuwa yameviharibu viungo vyake hata hakuweza kusimama. John Foxe, mwandishi wa kitabu maarufu cha mashahidi, anasimulia kwamba wakuu wa serikali walikaa kwenye benchi karibu na Kanisa la Mtakatifu Bartholomayo wakitazama. Wakati huo mwenye mali ile alikuwa Richard Rich.

Kisha ukaja utawala wa Malkia Mary wa Kwanza, aliyeirudisha nchi kwa Papa. Wa kwanza kuuawa ni John Rogers. Mtu huyu alimfahamu William Tyndale huko Antwerp, akaikamilisha na kuisimamia Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1537 kwa jina la "Thomas Matthew". Akaenda Wittenberg, kisha akawa mchungaji na msimamizi wa sharika za Kilutheri katika jimbo la Dithmarschen, kaskazini mwa Ujerumani, kabla ya kurudi kwao mwaka 1548. Tarehe 4 Februari 1555 alipelekwa Smithfield, na njiani alikutana na mkewe pamoja na watoto wao 11, mdogo wao akiwa bado ananyonya. Katika utawala huo, uliokwisha mwaka 1558, watu wapatao 280 walichomwa moto nchini kwa ajili ya imani, na baadhi yao walichomewa Smithfield. Mwaka 1849, mafundi waliokuwa wakichimba mtaro wa maji machafu mbele ya mlango wa kanisa walikuta mawe yaliyoungua, majivu na mifupa ya watu, na ikaaminika kwamba hapo ndipo mahali penyewe. Mwaka 1870 Waprotestanti waliweka kibao cha kumbukumbu katika ukuta wa hospitali, chenye majina ya John Rogers, John Bradford na John Philpot.

5. Malkia dirishani

Wako wasimuliaji wa mjini London wanaowaonyesha wageni madirisha ya nyumba ya lango na kusema kwamba Malkia Mary alikaa humo akila kuku na kunywa divai, huku akiwatazama Waprotestanti wakiteketea. Kisa hiki hukumbukwa kwa urahisi, nacho humridhisha msikilizaji Mprotestanti.

Lakini jengo linakikanusha. Malkia Mary alikufa mwaka 1558. Nyumba ilijengwa mwaka 1595, yaani miaka 37 baada ya kifo chake na miaka 40 baada ya kifo cha John Rogers. Dirisha ambalo malkia anasemekana kuchungulia halikuwapo. Hapa tuna mfano mzuri wa faida ya kuchunguza majengo: wanaosimulia waweza kuwa wengi na wenye nia njema, lakini boriti ina umri wake.

Sasa tuulize swali linalofuata, ambalo wasimuliaji hao hawaliulizi. Kama madirisha haya hayakuona moto wa Malkia Mary, je, yaliona moto gani? Baada ya mwaka 1595 mtu mmoja alichomwa Smithfield kwa kosa la uzushi. Jina lake ni Bartholomew Legate. Aliukataa Uungu wa Kristo, akahukumiwa na mahakama ya askofu, na mwezi Machi 1612 akateketezwa katika uwanja ule. Mfalme wakati huo alikuwa James wa Kwanza, Mprotestanti, ambaye mwaka uliotangulia tu tafsiri mashuhuri ya Biblia ya Kiingereza ilikuwa imechapwa kwa idhini yake. Maaskofu waliomhukumu walikuwa Waprotestanti.

Kwa hiyo nyumba ambayo watu huitumia kusimulia ukatili wa Wakatoliki haikuona ukatili huo. Moto ambao ingeweza kuuona ni ule uliowashwa na upande wetu.

Wala Legate hakuwa wa kwanza kuuawa na Waprotestanti mahali hapo. Mwaka 1575, katika utawala wa Elizabeth, Waanabaptisti wawili waliotoka Nchi za Chini walichomwa Smithfield. John Foxe, yule yule aliyeandika habari za mashahidi wa wakati wa Mary, alimwandikia malkia barua akimsihi asiwachome. Hakukubaliana na mafundisho yao, lakini aliona kwamba njia iliyolaaniwa ilipotumiwa na Papa haiwezi kubarikiwa inapotumiwa na malkia Mprotestanti. Hakusikilizwa. Hata hivyo barua yake yatosha kutuonyesha kwamba haikuwa lazima kila mtu wa wakati ule afikiri kama watawala. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwa wepesi kwamba "nyakati zilikuwa hivyo."

6. Mambo ya kujifunza

La kwanza linahusu namna ya kuandika historia. Sharika zetu nyingi zinaadhimisha miaka 100 au zaidi tangu Injili ilipofika, na kwa kawaida mchungaji au mwinjilisti huombwa aandike kijitabu. Mwandishi wa namna hiyo atapewa masimulizi mengi. Asiyadharau, maana wazee ni hazina. Lakini ayapeleke mbele ya ushahidi mwingine: tarehe iliyochongwa katika jiwe la msingi, kitabu cha ubatizo, ukuta ulioongezwa na ule ulioongezewa. Pale ambapo simulizi na jengo havipatani, asione haya kuuliza. Swali halimvunjii mzee heshima. Linamheshimu kuliko kunakili bila kufikiri.

La pili ni zito zaidi. Kila kanisa hupenda kuhesabu mashahidi wake na kusahau waliouawa kwa idhini yake. Kibao cha mwaka 1870 kina majina ya watu waliostahili kukumbukwa, lakini hakina jina la John Forest wala la Waanabaptisti wale wawili. Sisi Walutheri hatuna ruhusa ya kuwanyoshea kidole Waingereza. Mwaka 1536 wanatheolojia wa Wittenberg, Luther na Melanchthon wakiwamo, walitia saini maoni kwamba watawala waweza kuwaadhibu Waanabaptisti hata kwa kifo. Ungamo la Augsburg lenyewe linawalaani kwa jina. Ilichukua karne nyingi mpaka Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, katika mkutano mkuu wa Stuttgart wa Julai 2010, likamwomba Mungu na ndugu Wamenno msamaha kwa ajili ya mateso hayo. Kanisa letu ni mwanachama wa Fungamano hilo. Toba ile ni yetu pia, na ingefaa ifundishwe darasani pamoja na ungamo lenyewe.

La tatu ni la kitheolojia. Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 13, unakumbusha kwamba mateso ya Bwana wetu yalikuwa nje ya lango, na unawaita waamini wamwendee huko, wakishiriki aibu yake. Wengi waliokufa Smithfield waliuelewa wito huo. Forest aliuelewa, Barnes aliuelewa, na Askew na Rogers vivyo hivyo, ijapokuwa wasingekubaliana katika mengi kama wangewekwa meza moja. Swali ambalo Waraka huo unalileta kwa Kanisa katika kila kizazi ni upande gani wa lango linakosimama. Mwaka 1546 kulikuwa na watu waliokaa katika benchi karibu na kanisa, na kulikuwa na mwanamke aliyefungwa mtini. Walikaa pale wakiamini kwamba wanailinda imani ya kweli. Aliyekaa bencheni hana budi kujiuliza Kristo wa Waebrania angekuwa wapi siku ile.

Hitimisho

Lango la Smithfield si jengo kubwa. Haliwezi kulinganishwa na makanisa makuu ya Ulaya kwa urefu wala kwa fahari. Thamani yake ni kwamba tabaka zake zote zimebaki na zinaweza kusomwa: tao la watawa chini, nyumba ya miti ya wakati wa Elizabeth juu yake, alama za ukarabati wa karne ya 20, na nyuma yake uwazi wa sehemu ya kanisa iliyobomolewa. Hakuna tabaka lililofuta kabisa lile lililotangulia.

Wachungaji watarajiwa wanaosoma makala hii watakabidhiwa sharika zenye historia zao, ndefu au fupi. Watakuta humo mambo ya kumshukuru Mungu, na watakuta pia mambo yaliyofunikwa: mgogoro uliozimwa bila upatanisho, familia iliyotengwa, mtumishi aliyefukuzwa bila kusikilizwa kama Barnes. Si kila jambo hutangazwa mimbarini, na busara ya kichungaji ina nafasi yake. Lakini mchungaji mwenyewe anapaswa kuyajua. Akiyajua, atahubiri msamaha kwa watu ambao anafahamu wanasamehewa nini, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao.